Swali la lugha: Kupima kebo "kwa mwingiliano"?

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kuna mteja wa Mbozi ambaye kila akiwasha mashine yake ya kukoboa kahawa, inayoendeshwa kwa inveta (kifaa kinachobadili umeme ili kudhibiti mwendo wa mota), redio za majirani zinakwaruza. Tumepima kebo ya umeme ya mashine hiyo, na sasa anataka ripoti kwa Kiswahili. Nimeipa kichwa "Upimaji wa kebo kwa mwingiliano wa sumakuumeme uliopitishwa". Mwenzangu anasema hicho si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu fundi, mwenzako yuko sahihi, ingawa nadhani amekwazwa na "sumakuumeme", neno ambalo halina kosa lolote, limo katika vitabu vya fizikia. Kilichokuharibia kichwa ni "kwa".

Huko Mbozi mahindi hupimwa kwa debe. Debe ni chombo, kinachopimwa ni mahindi. Basi anayesoma "upimaji wa kebo kwa mwingiliano" anaelewa kwamba mlichukua usumbufu mkaufanya chombo cha kupimia. Na ajabu ni kwamba kipimo cha namna hiyo kipo! Kiwango cha IEC 61000-4-6, cha tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kinaeleza jinsi ya kuingiza usumbufu kwenye kebo kwa makusudi, kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 80, ili kuona kama kifaa kitaendelea na kazi yake bila kuyumba. Ninyi hamkufanya hivyo. Mlitaka kujua inveta inamwaga nini kwenye njia ya umeme. Herufi tatu tu zimegeuza mwelekeo wa kazi nzima, na fundi mwingine akisoma ripoti yako anaweza kudhani mashine imethibitishwa kuwa stahimilivu.

Hospitalini tunasema "kupima malaria", tunakitaja kile tunachokitafuta moja kwa moja. Fanya vivyo hivyo: "kupima usumbufu", kisha kebo itajwe kama njia.

Nimeandika "usumbufu", si "mwingiliano", kwa sababu ya hiyo -an- ya kutendeana. Mawimbi mawili yakikutana yakaongezana au yakapunguzana, huo ni mwingiliano, na neno libaki huko. Inveta na redio haziingiliani. Inveta inaiingilia redio. Redio haijamkosea mtu. "Mwingilio" lingepita kisarufi, lakini mteja wako atauliza maana yake, na wewe utamjibu: "ni usumbufu".

Sasa "uliopitishwa". Umepitishwa na nani? Bajeti hupitishwa bungeni. Usumbufu unapita wenyewe, kila mara mashine inapowaka, kwa hiyo andika "unaopita" au "unaotoka". Ukihitaji istilahi, yale maneno ya somo la joto, mpitisho na mnururisho, yanatosha kutofautisha usumbufu unaofuata waya na ule unaosambaa hewani. Tofauti hiyo ina uzito katika vipimo vyenyewe: viwango vingi vya CISPR, kamati ya IEC inayoshughulikia usumbufu wa redio, hupima wa kwenye waya kati ya kilohezi 150 na megahezi 30, kwa kisanduku cha omu 50 kinachowekwa kati ya umeme na mashine, halafu juu ya megahezi 30 hupima wa hewani kwa antena. Redio za masafa ya kati (AM) ziko ndani ya eneo la kwanza, FM iko katika la pili. Waulize majirani ni redio zipi zinazokwaruza, ulitaje jibu lao kwenye ripoti. Ila usiandike kwamba kebo haihusiki na FM, maana kebo ndefu nayo hugeuka antena.

Kichwa ningekiandika hivi: "Kupima usumbufu wa sumakuumeme unaotoka kwenye mashine kupitia kebo ya umeme". Ni kirefu, lakini hakuna atakayekisoma kinyume. Siku mtakapofanya kile kipimo kingine, andikeni "Kupima ustahimilivu wa mashine dhidi ya usumbufu unaoingizwa kupitia kebo".

Najua pale karakana mnaita haya yote "kelele". Si kosa. Ila mteja wa mashine ya kukoboa akisoma "kelele ya mashine imezidi", atakwenda kutia grisi kwenye beringi.