Mashine ya espreso ya bei nafuu na ya bei ghali: pesa inakwenda wapi?

Kwenye boksi, mashine ndogo ndiyo huonekana kali zaidi: baa (kipimo cha presha) 15, nyingine hata 20. Namba hiyo ipuuze. Espreso inahitaji presha ya baa 9 hivi, na iliyoandikwa pale ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, si presha inayoifikia kahawa.

Unacholipia hasa kwenye mashine ya bei ghali ni joto lisiloyumba. Maji yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 90 na 96 tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Mashine ndogo yenye thamostati ya kawaida huwasha hita joto likishuka na kuizima likipanda, na katikati ya hapo maji hupanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana kikombe hiki kinatoka kichachu na kinachofuata kichungu, ilhali hujabadilisha kitu. Dawa yake ni subira: iache ipate joto kwa dakika 15 mkono wa kichujio (ule wenye mpini unaobeba unga wa kahawa) ukiwa umefungwa mahali pake, pitisha maji matupu kidogo, ngoja taa ionyeshe joto limefika, ndipo uanze. Mpangilio uwe uleule kila siku. Ukiweza kuongeza pesa kidogo, tafuta yenye kidhibiti joto cha PID, yaani cha kielektroniki kinachopima joto na kurekebisha hita kidogo kidogo.

Jambo la pili ni mvuke. Mashine ndogo ya kawaida yenye boila moja (tangi la kuchemshia maji) haiwezi kutoa kahawa na mvuke kwa wakati mmoja. Ukimaliza kuchuja unangoja ipande joto ndipo uchemshe maziwa, halafu uipoze kabla ya kikombe kingine. Boila mbili zinaondoa usumbufu huo. Lakini anayekunywa kahawa tupu atanunua boila ya pili ya nini?

Nayo mashine kubwa ina kero zake. Zile zenye kichwa (sehemu unapofungwa mkono wa kichujio) kizito cha shaba cha aina ya E61, muundo ulioletwa na Faema ya Italia mwaka 1961, huchukua nusu saa au zaidi kupata moto sawasawa. Ukiondoka nyumbani alfajiri, ifunge saa ya kuwasha umeme au ubaki na ndogo.

Kabla ya yote hayo, nunua kinu kizuri cha kusagia. Kwa maoni yangu, mashine ya kawaida yenye kinu bora huishinda mashine ya kifahari yenye kinu duni. Mashine nafuu nyingi huja na kichujio cha kuta mbili chenye kitundu kimoja chini. Kinatengeneza povu hata kwa kahawa iliyosagwa hovyo, na hivyo kinaficha kosa. Ukishapata kinu, weka kichujio cha ukuta mmoja. Bila kinu usijisumbue, maji yatapita kama bomba.

Anza na gramu 18 za unga, upate gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. (Vichujio vya milimita 51 mara nyingi havibebi 18, weka 14 hadi 16, na kahawa iwe mara mbili ya unga.) Ikitoka kwa sekunde 15, saga laini zaidi, ikidondoka kwa shida hadi 45, saga chenga zaidi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ikirusha michirizi pembeni, unga una mabonge: uchambue kwa sindano nyembamba, kisha shindilia bila kuinamisha mkono.

Mwisho, usafi. Mashine yenye vali ya kutoa presha, ile inayopumua kwenye trei ukizima pampu, husafishwa kwa kichujio kisicho na matundu na dawa yake maalumu. Isiyo na vali hiyo usiisafishe hivyo, wala usiufungue mkono mara tu baada ya kuzima: presha iliyobaki itakurushia unga wa moto usoni. Subiri kama dakika moja.