Linta inaponyamazia argnames

Dada, umesema kanuni ya mtindo wa majaribio katika linta yako (programu inayokagua msimbo) inakemea majina ya vigezo yenye mtindo usiofaa katika parametrize ya pytest (zana ya majaribio ya Python; parametrize hurudia jaribio moja kwa thamani mbalimbali) yakiwa hoja ya kwanza isiyotajwa jina, lakini ukiitaja hoja hiyo kwa jina, argnames=, inanyamaza. Hiyo ni soja anayelinda geti la mbele tu. Msimbo wa kanuni yaelekea unaitafuta hoja kwa nafasi tu. Itafute kwa jina kwanza. Ikikosekana, ndipo uchukue ya nafasi ya kwanza. argvalues, yaani hoja ya thamani zenyewe, vivyo hivyo, nafasi ya pili. Kabla ya kugusa chochote, andika jaribio lenye argvalues= ikitangulia argnames=, ulione likifeli; sura hiyo ndiyo husahaulika. Marekebisho ya kiotomatiki yabadilishe thamani peke yake, yasimeze neno argnames=. Msimbo wa zamani utaanza kukemewa, kwa hivyo waonye wenzako hapo Westlands kabla hujaunganisha mabadiliko.