Daktari Akikuuliza Unatumia Nini Kingine, Fungua Mkoba

"Mama, mbali na dawa nilizokuandikia, kuna kitu kingine unachotumia?"

Nikajibu hapana, wala sikuona kama nadanganya. Chupa mbili, moja ya vidonge vya bizari ya manjano na nyingine ya vidonge vya chai ya kijani, zilikuwa kwenye mkoba pale pale miguuni pangu, ila akilini mwangu hazikuwa dawa. Zilikuwa mimea tu. Daktari akanigeuzia karatasi ya majibu: vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiumia, vimepanda karibu mara tatu ya kiwango cha juu. Homa ya ini sina, pombe situmii. Akarudia swali, safari hii taratibu. Nikafungua mkoba.

Nina kisukari aina ya pili, na presha juu yake. Nilikuwa nimesoma kwamba sukari ikikaa juu kwenye damu, mwili huzalisha chembe huru nyingi zinazochokoza mishipa, macho na figo. Hilo ni kweli. Nikasoma pia kwamba polifenoli za mimea, yaani antioksidanti, huzizima chembe hizo katika majaribio ya maabara. Nalo ni kweli. Nilipokosea ni kudhani kinachotokea kwenye chupa ya maabara ndicho kitakachotokea tumboni mwangu.

Chukua kurkumini, ile rangi ya njano ya manjano. Utumbo hauinyonyi vizuri, kwa hiyo watengenezaji huichanganya na piperini ya pilipili manga. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha piperini iliongeza kurkumini kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000. Mimi niliona ni sifa! Sikujiuliza inafanyaje kazi. Piperini hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyosafisha vitu mwilini, na vimeng'enya hivyo havichagui: vinasafisha kurkumini, vinasafisha na dawa za hospitali. Propranololi, dawa ya presha, kwa mfano, hupanda kwenye damu ikitumiwa pamoja na piperini.

Ile ya chai ya kijani nayo ina hadithi yake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, moja ya polifenoli za chai ya kijani, zikitoka kwenye vidonge, zinahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Chai yenyewe, ile ya kuchovya majani kwenye maji ya moto, haikuonekana kuwa na shida kwa kawaida. Chupa yangu ilisema miligramu 400 kwa kidonge. Nilikuwa nameza viwili asubuhi, na kimoja jioni kwa uchu wangu mwenyewe.

Ukitaka kuona tofauti ya sahani na kidonge, soma habari za Finland. Watu wanaokula matunda na mboga zenye beta-karotini, antioksidanti nyingine ya mimea, walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache, basi wanaume 29,133 wavutaji sigara wakaingizwa kwenye jaribio, baadhi yao wakipewa beta-karotini ya vidonge. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18.

Na hoja ya "ni mimea, haina madhara" nimeiacha kabisa. Metformini, dawa ya kisukari ninayomeza kila siku, chimbuko lake ni mmea uitwao Galega officinalis, ambao ukiliwa na kondoo huwaua. Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru. Usio na nguvu yoyote, sasa unaununua wa nini?

Niliacha vidonge vyote viwili, si metformini. Baada ya miezi 3 ini lilikuwa limetulia. Sikuacha mimea: mboga za majani, maharage, matunda mazima, chai isiyo na sukari. Nikitaka kubadilisha kitu, nabadilisha kimoja tu, kisha naandika sukari kwenye daftari kwa wiki kadhaa. Daftari hilo ndilo lililonivua nguo: miezi yote ya vidonge, wastani wa sukari ulitoka 7.9 ukafika 7.8. Kutembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni kuliushusha hadi 7.1.

Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata mboga za majani ziongelee na daktari, kwa sababu ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Hulazimiki kuziacha, kula kiasi kile kile kila wiki ili dozi isiyumbe.

Wifi yangu amegundulika na presha mwezi uliopita. Alinipigia kuuliza anywe kipi kati ya alivyoshauriwa na watu. Nikamwambia aje navyo, maana jina peke yake halisemi miligramu. Alikuja na chupa nne. Tukavaa miwani, tukasoma lebo mpaka maandishi madogo ya chini kabisa, na kwenye tatu kati ya hizo tukaikuta piperini. Jumanne ana kliniki. Amezifunga zote kwenye mfuko mmoja na kuuweka juu ya viatu vyake mlangoni, asije akasahau.