Mwache Mtoto Aulize: "Shangazi, Mguu Wako Umefanya Nini?"

Wiki iliyopita, kwenye daladala ya Mbagala, mtoto wa miaka minne hivi alikodolea macho mguu wangu wa kushoto, akauliza kwa sauti ya mnadani: "Mama, mbona mguu wa yule mwembamba?" Mama yake akamfinya. Nilimwona, pale juu ya kiwiko. Mtoto akageukia dirishani, na mpaka nashuka hakunitazama tena.

Mguu huu uko hivi tangu nina miaka miwili, nilipougua polio. Sasa nina 47, natembea na gongo moja na kiatu kilichoungwa na vyuma mpaka pajani. Maswali ya watoto hayajawahi kuniumiza. Kule kufinywa ndiko kunakoniuma, maana mtoto anaondoka akijua kwamba mimi ni kitu cha kuogopwa.

Kwa hiyo mwanao akiuliza, mjibu, tena kwa kweli. Mimi na watoto wa kaka yangu hutumia mfano wa umeme, kwani hakuna mtoto wa mjini asiyeujua ukikatika. Nawauliza: taa nzima, swichi nzima, ila waya umekatika ndani ya ukuta, itawaka? Haiwaki! Basi hivyo hivyo. Virusi vya polio huingia mdomoni na maji au chakula chenye uchafu wa choo, na kwa watoto wengi hupita bila hata kujulikana. Kwa wachache, kama 1 kati ya 200, hufika kwenye uti wa mgongo na kuharibu neva zinazoamrisha misuli. Msuli usiopata amri haufanyi kazi, mwisho hunyauka.

"Sasa ukiguswa unasikia?" Nasikia, mwanangu. Mbu akitua hapo namsikia vizuri sana, shida ni kumkimbia. Hili huwashangaza hata watu wazima. Polio huharibu nyaya zinazopeleka amri, zile zinazorudisha habari huziacha. Aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda anaweza kukosa zote mbili. Ndiyo maana utamwona kwenye kiti mwendo anajiinua kwa mikono kila baada ya muda: anakwepa vidonda ambavyo vikianza hatavisikia.

Mtindio wa ubongo ni jambo jingine, na watoto huukosea zaidi. Huko nyaya ni nzima, ila swichi yenyewe, yaani ubongo, iliguswa, mara nyingi kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Amri zinatoka zimevurugika. Mkono unakwenda usikotumwa, mate yanachuruzika, neno linachukua muda kutoka. Watoto wakiona hivyo humpigia kelele mwenzao kana kwamba ni kiziwi, au humsemesha kama kachanga. Mwambie wako kwamba huenda mwenzake anaelewa kila kitu, pamoja na matusi, na kwamba akianza sentensi asubiriwe aimalize.

Swali la kuambukiza nalo litakuja. Jibu ni hapana: virusi vilikwisha toka mwilini mwangu zamani. Hapo hapo mkumbushe yale matone ya chanjo. Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili, lakini mwaka 2022 vikaonekana tena Malawi na Msumbiji, majirani zetu kabisa.

Shuleni waliniita kiwete, wakanifichia magongo nyuma ya choo ili wanione nikitambaa. Najua hata kijana na kiongozi wanaanza na ki-, lakini hakuna aliyewahi kunitupia neno "kiongozi" huku akikimbia. Mfundishe mwanao aseme mtu mwenye ulemavu, au bora zaidi, jina langu. Gongo si la kuchezea, na kiti cha mtu hakisukumwi kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Na tafadhali, msiwatishe kwa "hujafa hujaumbika". Mtu mzima anaujua uzito wake. Mtoto husikia kwamba mimi niliadhibiwa, na yeye asipotulia zamu yake yaja. Konda naye hupaza sauti, "Mgonjwa anashuka!" Siku moja binti wa kaka yangu, ana miaka sita, akamjibu, "Shangazi haumwi." Konda alikosa la kusema, mimi nikajibana nisicheke.

Juzi nilimsikia binti huyo bombani akimweleza mwenzake. "Mguu wake mzima, waya ndiyo imekatika." Mwenzake akauliza kwa nini asiitwe fundi. Yule wetu akafikiri kidogo, ndoo ikifurika miguuni mwake.

"Fundi wa waya hiyo hayupo. Ila mbu akimuuma, anasikia."