Nani kakupa hiyo chapati? Ushauri kwa anayeingia mbio za kujitegemea

Watu wakijua kwamba naendesha mbio za baiskeli za masafa marefu, zile za kubeba mzigo wako mwenyewe na kulala popote usiku unapokukuta, huniuliza kwanza kuhusu baiskeli. Tairi pana au nyembamba? Gia ngapi? Maswali mazuri, ila hayo utayamaliza na fundi wako mtaani. Linalowatoa watu jasho wakishaingia njiani ni la msaada: nipokee kipi, nikatae kipi?

Kanuni zenyewe ni fupi. Hakuna gari la timu, hakuna rafiki wa kukungoja na chupa ya maji, hakuna kujificha upepo nyuma ya mwenzako. Unachohitaji unakibeba, au unakinunua njiani kama mpita njia yeyote. Hivyo ndivyo zinavyokwenda Transcontinental ya Ulaya, iliyoanzishwa na Mike Hall mwaka 2013, Silk Road Mountain Race ya Kyrgyzstan, na hapa jirani Race Around Rwanda, inayoanzia Kigali na kuizunguka nchi kwa takribani kilomita 1,000 za lami na vumbi. Tour Divide, kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Meksiko, ni kama kilomita 4,400. Haina kiingilio wala zawadi. Ukidanganya kule, sijui unamwibia nani zaidi ya nafsi yako.

Refa hayupo. Kipo kifaa cha GPS kinachoituma nukta yako kwenye ramani, na watu wako nyumbani wanaitazama kuliko mpira. Lakini nukta inasema tu kwamba umesimama dakika arobaini. Haisemi kama ulikuwa umelala chini ya mti au ulikuwa unakula pilau kwa shemeji.

Zamani refa alikuwepo, na tazama kilichotokea. Mwaka 1913, katika Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa na foki, uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenye mlima Tourmalet. Sheria za wakati huo zilimtaka kila mwendeshaji atengeneze baiskeli yake mwenyewe. Akaibeba, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi na kuanza kuifua foki kwa mikono yake, wasimamizi wakiwa wamemsimamia. Chuma mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Moto nani auvukute? Mtoto mmoja akashika mivukuto. Kwa hilo tu Christophe akaongezewa dakika kwenye muda wake, na alikuwa tayari amepoteza saa kadhaa.

Mimi naona adhabu ile ilikosea shabaha. Mtoto yule hakupangwa na mtu. Mwendeshaji mwingine yeyote angeingia pale na foki iliyovunjika, angemkuta palepale na mivukuto ileile. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja, nakitumia hata nikiwa hoi usiku wa manane: mwenzangu aliye nyuma yangu kwa nusu siku, asiyemjua mtu yeyote katika mji huu, naye angekipata?

Chukua Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana na Goma. Fundi anakaa chini ya mwavuli, ana beseni la maji, kipande cha msasa na chupa ya gundi. Nikifika namsalimia kwa Kiswahili, na yeye ananijibu kwa Kiswahili cha Goma, maana biashara ya pale yote inavuka mpaka. Tunaelewana mara moja. Mholanzi aliyenitangulia ilibidi aonyeshe kwa vidole. Je, nimependelewa? Hapana. Fundi yupo kwa wote, bei ni ileile, na lugha nimekuja nayo kichwani kama mwenzangu alivyokuja na mapafu ya milimani. Lakini kama nina binamu Karongi, wilaya nyingine ya Rwanda, na jana nilimpigia simu anichemshie maji ya kuoga, hiyo ni habari nyingine. Mholanzi hana binamu Karongi. Waambie ndugu mapema, kabla hujaondoka nyumbani: nitapita kwenu, nitapunga mkono, nitarudi wiki ijayo tukae. Ukisubiri njiani utaonekana una kiburi.

Gumu zaidi ni ukarimu wa ghafla. Umesimama kwenye mgahawa mdogo, umeagiza chai na chapati mbili, mama anakuangalia miguu yenye vumbi, anakataa pesa. Sisi tumelelewa kwamba kukataa ni tusi. Hapa soma kanuni za mbio zako kwa makini, kwani zipo zinazotaka kila kitu kitoke kwenye biashara iliyo wazi kwa wote, na zipo zinazovumilia wema usiopangwa. Nilipo na shaka, nalipa kwa njia ya kuzunguka: nanunua mandazi ya kubeba na siulizi chenji. Mama hajaudhika, na mimi sina deni kwa waliofuata. Ndiyo maana nasisitiza noti ndogondogo mfukoni. Pesa ya simu ya kwenu huenda isifanye kazi ng'ambo ya mpaka, na noti kubwa saa kumi na moja alfajiri kijijini ni karatasi tu. Ukikosa chenji, utajikuta unakula bure hata kama hukutaka.

Baiskeli yenyewe nayo inaamua utamtegemea nani. Hili ningetamani watu walisikie kabla ya kununua rimu. Tyubu nyingi za madukani vijijini zina valvu nene, ile ya baiskeli za mizigo. Rimu nyingi za kisasa zimetobolewa tundu jembamba. Tyubu unayo mkononi, pesa umelipa, na valvu haipiti. Ukichagua rimu ya tundu pana, kila duka la njiani linakuwa duka lako. La sivyo beba tyubu zako mbili au tatu, viraka, gundi mpya (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka, usijidanganye), kiungo cha cheni, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gia ya nyuma. Kipande hicho mara nyingi hutofautiana kati ya fremu na fremu. Kikikatika, usitegemee fundi wa kijijini awe nacho, hata awe bingwa namna gani. Jizoeze kukibadilisha gizani nyumbani kwako, kwa taa ya kichwani.

Kati ya waendeshaji wenyewe kuna ukakasi. Kama umejiandikisha peke yako, kumpa mwenzako tyubu au kuendesha ukiwa nyuma ya gurudumu lake kunaharibu hesabu ya wote wawili. Salimianeni, semezaneni, kisha achieni nafasi. Waliojiandikisha wawili wawili wana ruhusa yao ya kusaidiana wao kwa wao. Mtu akianguka akaumia, hapo kanuni zote zinakaa pembeni: simama, piga simu, kaa naye. Mike Hall, yule mwanzilishi wa Transcontinental, mwenyewe aligongwa na gari akafa Machi 2017 karibu na Canberra, Australia, akiwa mbioni.

Haki nyingine imeshapotea kabla hata ya filimbi, na sipendi waandaaji wanapoongea kana kwamba sote tunaanza sawa. Wa kwetu akitaka kwenda Ulaya anaanza na viza, taarifa za benki, barua ya mwaliko na ruhusa ya kazini, na baiskeli inayoweza kuzidi mshahara wake wa mwaka. Timu ya Amani, ambayo nahodha wake Suleiman Kangangi wa Kenya alifariki akiwa mbioni Vermont, Marekani, Agosti 2022, iliundwa ili kuwafungulia mlango waendeshaji wa Afrika Mashariki. Je, kudhaminiwa tiketi na baiskeli ni msaada wa nje? Kwangu si msaada wa nje. Kujitegemea kunahesabiwa kuanzia mstari wa kuanzia, na anayemnyooshea kidole Mkenya aliyepewa baiskeli ajiulize yake aliinunua kwa mshahara wa nchi gani.

Ukipokea kitu halafu ukaona kimevuka mpaka wa kanuni, usingoje mtu akuone kwenye picha ya mtandaoni. Waandikie waandaaji siku hiyohiyo: nini, wapi, saa ngapi, nani alitoa. Mistari mitatu inatosha. Wakikuongezea saa moja au mbili kwenye muda wako, sawa. Wakisema endelea, sawa. Kisha washa taa, maana kwa kawaida ujumbe wa namna hii huandikwa jua likizama, na kule Rwanda kumbuka wanaendesha kulia.