Kuhamia Ujerumani: anza na sanduku la barua

Kijana anayehamia Ujerumani kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura huwa kajiandaa kwa baridi. Koti kanunua, viungo vya pilau kafungasha, salamu za Kijerumani kazikariri. Kinachomkwamisha mwezi wa kwanza si baridi. Ni kisanduku cha bati kilichopo mlangoni mwa jengo analoishi.

Nchi hii bado inaendeshwa kwa barua za karatasi. Kadi ya benki huja kwa barua, namba yake ya siri huja kwa barua nyingine siku nyingine. Kadi ya bima, namba ya mlipakodi, madai, vyote hupitia humo. Na majengo mengi hayana namba za vyumba, kwa hiyo tarishi anatafuta jina tu. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka, na wewe unashinda unailaumu benki.

Basi siku unayokabidhiwa ufunguo, kabla ya kufungua begi, andika jina kwenye kipande cha karatasi, kibandike kwa selotepu kwenye sanduku, kingine kwenye kengele. Liwe jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Watanzania hapa hujikwaa, maana tuna majina matatu, na pasipoti mara nyingi hulihesabu lile la babu kuwa la ukoo. Nyumbani watu wanakujua kwa jina lako na la baba; huku barua zote zitamwandikia babu. Ukibandika mawili ya mwanzo tu, tarishi hakujui. Ukiwa umefikia kwa mtu, anwani iandikwe jina lako, kisha herufi c/o na jina la mwenyeji.

Jambo la pili ni kuandikisha anwani, yaani Anmeldung. Sheria inakupa wiki mbili tangu siku ya kuhamia kwenye nyumba. Unakwenda ofisi ya wakazi (Bürgeramt, au jina jingine kulingana na mji) na pasipoti, fomu, na karatasi inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia. Mkataba wa kupanga hauchukui nafasi ya karatasi hiyo. Watu wengi hurudishwa kaunta kwa sababu hiyo moja. Na mtu anayekukodisha chumba halafu anakwambia hawezi kukusainia, chumba chake kiache hata kama ni rahisi: bila usajili huu hupati namba ya mlipakodi, na kibali cha ukaazi nacho kitakwama.

Miadi kwenye miji mikubwa ni adimu. Fungua ukurasa wa ofisi asubuhi mapema, ndipo nafasi zilizoachwa na wengine hujitokeza. Berlin unaruhusiwa kwenda ofisi yoyote ya jiji, si lazima ya mtaa wako. Ukipata tarehe iliyopita zile wiki mbili, tunza uthibitisho kwamba uliomba mapema.

Wakati wa kujisajili utaulizwa dini, na swali hilo lina bei. Ukijiandikisha Mkatoliki au evangelisch, ukianza kulipa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi hiyo kwa walioko majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingine. Angalia vizuri, inapigwa kwenye kodi, si kwenye mshahara, kwa hiyo mwanafunzi asiyekatwa kodi hadaiwi kitu. Wapo wanaotoa kwa moyo mmoja, na ni sawa. Tatizo ni wanaojaza bila kujua. Mlokole akiona evangelisch hudhani ndiyo yeye, kumbe neno hilo ni la Waprotestanti wa makanisa makubwa, Walutheri na wenzao. Kujitoa baadaye ni safari nyingine ya ofisini, na sehemu nyingi unalipia ada.

Halafu kuna saa. Mjerumani akikwambia halb neun, sikio la Kiswahili linasikia "tisa na nusu". Anachomaanisha ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30, yetu ya saa mbili na nusu asubuhi. Usijaribu ushujaa wa kutafsiri kichwani mara mbili. Mwombe aandike tarakimu.

Fedha za mwezi wa kwanza

Wanafunzi wengi huja na akaunti iliyozuiwa, Sperrkonto, ya kuthibitisha kwamba wana fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa kuanzia Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na unaruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Watu hupiga hesabu kwamba wakitua tu, fedha ipo. Haipo. Inaanza kutoka baada ya kufungua akaunti ya kawaida ya benki, na benki nyingine inataka kwanza karatasi ya anwani. Kumbe mnyororo wote umening'inia kwenye lile jina sandukuni.

Katikati ya hapo mwenye nyumba anataka kodi ya kwanza na amana. Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, ingawa wenye nyumba wengi hawakukumbushi. Kodi tupu ndiyo Kaltmiete. Warmmiete ni pamoja na gharama za jengo na kwa kawaida joto pia. Mara moja kwa mwaka hesabu ya gharama hizo hupigwa upya: ukitumia zaidi unaongeza, ukitumia kidogo unarudishiwa. Kwa hiyo njoo na akiba nje ya Sperrkonto inayotosha kodi ya mwezi, fungu la kwanza la amana na chakula cha wiki sita. Anayesema yuko nje ya nchi, umtumie amana naye akutumie ufunguo kwa posta, ni tapeli.

Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi ni hadi umri wa miaka 30. Bima ya safari uliyoombea viza haitoshi kukuandikisha chuoni. Ukianza kazi, mpe mwajiri namba ya mlipakodi mapema. Asipokuwa nayo anaweza kukukata kwa daraja la kodi la 6, ambalo ndilo kali kuliko yote. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024. Ziandike kwenye daftari lako mwenyewe, hasa ukiwa na waajiri wawili.

Baada ya kujisajili itakuja barua ya ada ya utangazaji, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi. Wageni huitupa wakisema "mimi sina televisheni". Haijali. Inadaiwa kwa nyumba, si kwa kifaa wala kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa watano mnalipa moja na kugawana. Jibu barua hiyo kwa kuandika namba ya ada ya mwenzenu anayelipa, la sivyo deni linakua kwa jina lako.

Bahasha ya njano, yaani barua rasmi ya mahakama au mamlaka, ni habari nyingine. Tarishi huandika tarehe juu yake, na muda wa kupinga unaanza kuhesabiwa siku hiyo, hata kama ulikuwa safarini na imelala sandukuni. Kwa baadhi ya mambo muda ni wiki mbili tu. Usiitupe bahasha, ndiyo ushahidi wa tarehe.

Hita, madirisha na kuvu

Hapa ndipo amana nyingi zinapopotelea. Sisi tumezoea nyumba inayopitisha hewa yenyewe. Nyumba ya Kijerumani imezibwa kila upenyo, na mvuke wote unaozalisha unabaki ndani: kuoga, kupumua, kuchemsha maharage saa mbili, kuanika nguo chumbani. Mvuke ukikutana na ukuta wa baridi unageuka maji, na baada ya wiki chache kuvu jeusi linatokea kwenye kona nyuma ya kabati.

Dawa yake ni kufungua dirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hita ikiwa imezimwa kwa muda huo. Ukiweza fungua na la upande wa pili, upepo upite. Kulilaza dirisha kidogo kwa juu mchana kutwa ni kosa: hewa haibadiliki vya kutosha, ukuta wa karibu unapoa, na kuvu linapata makao. Baada ya kupika au kuoga fungua hapo hapo. Nguo zikikauka ndani, ongeza mizunguko. Kabati liache sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje.

Kitufe cha hita kina namba 1 hadi 5, na kila mgeni huanza na 5 akidhani chumba kitapata moto haraka. Namba haziongezi kasi, zinaweka kiwango cha kusimamia. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Ukiweka 5, hita itaendelea tu kupita pale unapohitaji, na utakuja kuonana nayo kwenye hesabu ya mwaka. Kuizima kabisa Januari unapokwenda kazini nako si ubahili wa maana, kuta zinapoa na unyevu unageuka maji ukutani.

Mapipa ya taka: njano ni vifungashio vya plastiki na makopo, bluu karatasi, kahawia maganda ya chakula, nyeusi au kijivu mengineyo, rangi hubadilika kidogo mji kwa mji, soma karatasi iliyobandikwa jengoni. Chupa za vioo zisizo na amana (fedha ndogo unayolipia chupa dukani na kurudishiwa ukiirudisha) zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani, nyeupe, kijani na kahawia mbalimbali, na ya bluu inaingia kwenye kijani. Jumapili usizitupe, mlio wake utakuletea jirani. Utulivu wa usiku ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Zenye amana usizitupe kokote. Kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina senti 25, chupa nyingi za bia senti 8. Mashine iko karibu na mlango wa supamaketi. Usiikunje chupa wala kubandua lebo, maana mashine inasoma ile mistari. Ingiza kitako kwanza, ukimaliza bonyeza kitufe, chukua risiti, mpe keshia siku hiyo hiyo kabla hujaisahau mfukoni. Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa ya stesheni na machache mengine, kwa hiyo manunuzi ni Jumamosi. Unga mweupe wa ugali tafuta kwenye maduka yanayoitwa Afroshop. Ule wa njano wa Kiitaliano wa supamaketi ni chenga, utasonga mpaka mkono uchoke.

Safari

Tiketi ya kuzungukia nchi ni Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikawa 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Unapanda mabasi ya mjini, tramu, treni za chini ya ardhi (U-Bahn), treni za mjini na vitongoji (S-Bahn) na treni za mikoa zenye alama RE na RB. Treni za masafa marefu, ICE, IC na EC, hapana. Kusini inakufikisha hadi stesheni ya Salzburg, ng'ambo ya mpaka wa Austria. Ni usajili wa kila mwezi: usipoikatisha ifikapo tarehe 10, mwezi unaofuata unalipa. Haiazimishwi, na mkaguzi anaweza kudai kitambulisho. Simu ikizimika chaji, huna tiketi. Faini ni euro 60. Kwenye tiketi za karatasi za baadhi ya miji, kuinunua hakutoshi, lazima uigonge kwenye kile kisanduku cha stempu kabla ya kupanda.

Tiketi za bei nafuu za ICE zimefungwa kwenye treni moja. Lakini ikitarajiwa utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinafunguka na unaweza kupanda nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli, dakika 120 asilimia 50. Una miezi mitatu ya kudai. Treni zinachelewa, nyie. Sifa za saa ya Kijerumani ziacheni uwanja wa ndege.

Kibali cha ukaazi kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye makubaliano ya mipaka wazi, siku 90 ndani ya kila siku 180. Uswisi imo. Uingereza na Ireland hazimo, viza yake ni ya peke yake. Beba pasipoti halisi na kadi ya ukaazi, kivuli cha karatasi au picha ya simu haikuvushi mpaka. Kibali kikiwa kinashughulikiwa utapewa cheti cha muda, Fiktionsbescheinigung. Kabla ya kununua tiketi ya kwenda kusalimia nyumbani, angalia imewekwa alama wapi: ya kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi inakurudisha Ujerumani, ya aya ya 3 hairuhusu kurudi nayo. Na ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, kibali kwa kawaida kinakufa chenyewe.

Ukiondoka

Notisi ya nyumba kwa kawaida ni miezi mitatu, kwa karatasi yenye saini ya kalamu. Barua pepe haihesabiki. Imfikie mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha, vinginevyo mwezi huo hauhesabiwi. Piga picha za kila kona, na mita zote, siku ya kurudisha ufunguo.

Ukihama nchi unajifuta kwenye usajili, kuanzia wiki moja kabla hadi wiki mbili baada ya kuondoka. Karatasi utakayopewa toa nakala kadhaa. Ya kwanza mpelekee mtu wa bima ya afya, kwa maana asipojua umeondoka anaweza kuendelea kukudai, tena kwa kiwango cha juu. Ya pili ni ya ada ya utangazaji, ya tatu ya kampuni ya simu. Benki waachie akaunti mpaka amana ya nyumba irudi, na hiyo inaweza kuchukua miezi.