Saa na karatasi ya hatua: kwa unayeingia mashindano ya sataranji Dar

Aliyezoea kucheza kwenye simu au kibarazani hushindwa na saa kabla ya kushindwa na mpinzani. Mfumo unaotumika sana ni dakika 90 kwa kila mchezaji, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Hadi hatua ya 40 una dakika 110, yaani dakika mbili na robo tatu kwa hatua. Ufunguzi unaoujua umalize ndani ya dakika 10, akiba uitunzie pale kete zinapoanza kulana. Kila hatua 5 andika kwenye karatasi muda uliobaki, kanuni zinaruhusu. Hatua ya 20 ikikukuta na chini ya nusu saa, umeshachelewa.

Hata mabingwa hubanwa. Desemba 2021 huko Dubai, mchezo wa 6 wa ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi ulifika hatua 136, zaidi ya saa 7 na nusu. Hatua 40 za kwanza zilikuwa na dakika 120 bila nyongeza, na kuelekea hatua ya 40 wote wawili waliacha nafasi nzuri. Usome kuanzia hatua ya 26, Carlsen anapotoa malkia apate ngome mbili. Ziba hatua inayofuata, andika yako, ndipo ulinganishe. Mwishoni ana ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia, na anashinda kwa subira tu.

Ukigusa kete yako kwa kukusudia, utaicheza. Ukitaka kuiweka sawa, sema "narekebisha" kwanza, na iwe ni zamu yako. Mfalme anapohamia pembeni na ngome, mguse mfalme kwanza. Ukianza na ngome, upande huo umeshaukosa kwa hatua hiyo. Saa bonyeza kwa mkono ule ule uliochezea.

Panapoharibika zaidi ni kudai sare mpangilio ule ule wa kete ubaoni unapotokea mara ya tatu. Wengi hucheza hatua inayouleta kisha humwita mwamuzi, na dai limekufa. Iandike hatua hiyo, usiicheze, simamisha saa, mwite. Nje ya dai la sare, kuandika hatua kabla ya kuicheza ni kosa.

Simu izimwe na isiwe mfukoni. Muulize mwandaaji mapema dakika za kusubiri aliyechelewa ni ngapi, kisha pigia hesabu foleni ya Ubungo.